Baga ya Rendang Katikati ya Majani ya Chai: Halali Haiishii Kwenye Kisu



Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Baga ilikuwa tamu. Nasema hivyo mapema ili mtu asije kwenye komenti akaniambia nina wivu au sijui chakula kizuri. Nilikula, nikalamba vidole, na nilipiga picha kama nyinyi.

Ilikuwa Jumamosi baada ya Idi. Tulikuwa watano, tumetoka Bomet, tukapita Kaplong na Litein, tukaingia upande wa Kericho na njaa yetu. Mmoja wetu alikuwa ameona mtandaoni mgahawa wa baga za kifahari zenye ladha za Indonesia. Baraza lake linatazama majani ya chai, kijani kitupu mpaka macho yanapoishia. Taa za manjano, muziki wa chini, menyu ya mbao. Baga ya rendang. Baga ya kuku na sambal. Chai baridi ya mchaichai. Ukutani, kando ya kaunta, kibandiko cha kijani: HALAL. Hakina nambari, hakina tarehe, hakina jina la aliyekitoa.

Baga moja ya rendang: shilingi 1,200. Chipsi mbali. Chai mbali.

Tuliagiza. Picha kwanza, si mnajua mambo yetu. Tumefika katikati ndipo nikaona meza ya jirani wameletewa baga imetoka vipande vya bekoni pembeni. Nikamwita dada aliyekuwa akituhudumia. Nikamuuliza kwa adabu: hii nyama yetu na ile bekoni zinakaangwa wapi?

Akatazama nyuma, akainama kama anayepanga vijiko. "Chuma cha kukaangia ni kimoja," akasema. "Lakini tafadhali msiseme ni mimi."

Mezani kimya. Kisha rafiki yangu akasema, "Akhi, usituharibie siku. Piga bismillah ule."

Sitautaja mgahawa ule. Huyo dada ni wa umri wetu, ndiye peke yake aliyetuambia ukweli siku ile, na nikiutaja yeye ndiye atakayefukuzwa. Tena tabia hii si ya mgahawa mmoja. Ninachotaka kupinga leo ni tabia yetu sisi: kuona kibandiko, kufunga macho na kufungua mdomo.

"Nyama zote Kenya ni halali"

Hili ndilo jibu nililopewa na kila niliyemsimulia. Na lina ukweli ndani yake. Machinjio mengi ya ng'ombe na mbuzi nchini mwetu wachinjaji wake ni Waislamu, na tangu utotoni tumezoea kuingia buchari yoyote bila wasiwasi.

Lakini baga si nyama ya buchari. Baga ni kipande cha kusaga kilichochanganywa na vitu, kikakaangwa kwenye chuma kinachokaanga vitu vingine, kikapakwa sosi iliyotoka kwenye chupa, kikawekwa jibini. Mnyama anaweza kuwa amechinjwa vizuri kabisa asubuhi, na jioni kikafika kwako kikiwa kimelala kwenye mafuta ya nguruwe. Sosi nazo: jikoni nyingi za kifahari hutumia divai au pombe ya kupikia. Kisu kilikuwa sawa, na safari baada ya kisu ikaharibika.

Sasa hukumu ya fiqhi ya sahani iliyochanganyika, waulizeni masheikh. Mimi si mufti. Ninachodai hapa ni haki ya raia: ukiniuzia kitu kwa jina la halali, niambie ukweli wake. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na anachonunua. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa au huduma. Kumbe swali la "mnakaanga wapi?" si la ushamba wala la msimamo mkali. Ni la mtu anayejua anacholipia.

Mnauza Indonesia, basi leteni na utaratibu wake

Hapa ndipo panaponikera zaidi. Rendang si jina la kupamba menyu tu. Ni chakula cha Waminangkabau wa Sumatra Magharibi. Nyama ya ng'ombe hupikwa polepole, saa baada ya saa, ndani ya tui la nazi, pilipili, manjano, mchaichai na viungo vingine, mpaka tui likauke na nyama igeuke nyeusi na kushika harufu yote. Ni chakula cha Idi na cha harusi, cha watu ambao dini na mila zao zimeshikana. Ndugu zetu wa Pwani wanaojua kukuna nazi na kuchuja tui wangekielewa mara moja. Mwaka 2011 wasomaji wa CNN walikipigia kura kuwa chakula kitamu kuliko vyote duniani.

Na nchi hiyohiyo, yenye Waislamu wengi kuliko nchi nyingine yoyote, haikuishia kwenye kibandiko. Mwaka 2014 ilipitisha Sheria nambari 33 ya dhamana ya bidhaa halali. Utekelezaji ulianza Oktoba 2019 kwa awamu, na kufikia Oktoba 2024 biashara za kati na kubwa za vyakula na vinywaji zilitakiwa ziwe na cheti. Wadogo wadogo waliongezewa muda mpaka Oktoba 2026. Mkaguzi hatazami kisu tu. Anatazama viungo, vyombo, mahali pa kuhifadhia na njia ya kupakulia. Na asiyeuza halali hafungiwi biashara; anatakiwa aseme wazi kwamba bidhaa yake si halali. Basi. Kila mtu ale akijua.

Hapa kwetu cheti cha halali ni hiari. Wapo wanaokitoa, kama Kenya Bureau of Halal Certification, na wapo wafanyabiashara waaminifu wanaokitafuta na kukitundika mahali kinaposomeka. Lakini karatasi ya kijani yenye neno HALAL, duka lolote la uchapishaji mjini litakuchapishia ukinywa soda. Ladha ya Indonesia imeuzwa kwetu kwa shilingi 1,200, na uaminifu wa Indonesia haukuja na mzigo.

Sasa tutazame nje ya dirisha

Hapa najua wengine mtaniacha. Mtasema, "Umemaliza halali, sasa unaingiza siasa." Subirini.

Yule dada, wakati wa kulipa, nilimuuliza ni wa wapi. Akanyoosha kidole kuelekea mashambani. Mama yake anachuma chai. Nikamwambia "kongoi", naye akacheka kwa vile nilivyolitamka.

Nikarudi nyumbani nikapiga hesabu. Agizo la serikali la mishahara ya kilimo la 2024 liliweka kima cha chini cha kibarua wa shamba asiye na ujuzi maalum kuwa karibu shilingi 8,000 kwa mwezi. Wachumaji walio chini ya mkataba wa chama cha wafanyakazi hupata zaidi ya hapo, na hulipwa kwa kilo. Lakini chukua hicho kima cha chini, ambacho nchi imesema kwa maandishi kwamba kinatosha. Elfu nane gawanya kwa elfu moja mia mbili. Ni baga sita, na chenji ya kununua unga. Mwezi mzima wa kuinama, kwa baga sita zisizo na chipsi.

Sisi watano tulikula tano kwa kikao kimoja.

Sisemi kula baga ni dhambi. Pesa yako ya halali, kula. Nasema sote tumelelewa tukiambiwa kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na neno halali tumefundishwa tangu madrasa likitembea na mwenzake: halali na twayyib, kilichoruhusiwa na kilicho kizuri, safi. Tumelishika la kwanza tukaliminya mpaka likabaki kisu. La pili tumeliachia kaligrafia ya ukutani.

Ile chai baridi ya mchaichai niliyokunywa, unajua ilipita wapi? Mtu amechuma majani mawili na chipukizi, kikapu mgongoni, kwenye baridi ya asubuhi ya Kericho. Kilo nne na nusu hivi za majani mabichi ndizo zinazotoa kilo moja ya chai kavu. Ikasafiri mpaka mnada wa Mombasa, ikachanganywa, ikafungwa kwenye vifuko, ikapewa jina la kizungu na picha nzuri. Halafu ikaletwa mezani kwangu, mbele ya shamba lenyewe, glasi shilingi 350.

Vibandiko tunavijua sisi watu wa chai

Watu wa Kericho na Bomet, sisi ndio tungekuwa wa mwisho kudanganywa na kibandiko. Mwaka 2007 mashamba ya Unilever hapa Kericho yalikuwa ya kwanza ya chai duniani kupewa alama ya Rainforest Alliance, yule chura wa kijani kwenye paketi. Mnunuzi wa London akimwona chura anatulia: mazingira yako sawa, wafanyakazi wako sawa.

Februari 2023 kipindi cha Panorama cha BBC kikatoa uchunguzi wake. Wanawake zaidi ya 70 walisimulia kwamba walinyanyaswa kingono na wasimamizi wao kwenye mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na kampuni mbili, Unilever na James Finlay. Kazi kwa mwili. Kampuni zilisema zimeshtushwa, na baadhi ya waliotajwa wakasimamishwa au wakazuiwa kufanya kazi nazo. Tangu wakati huo mashamba hayo yameuzwa, na leo jina linalosikika ni Browns Investments ya Sri Lanka. Mwenye shamba amebadilika. Mchumaji ni yuleyule.

Siwaambii chura ni mwongo wala kwamba kila cheti ni bure. Nawaambia cheti ni mwanzo wa maswali. Miaka yote ile wanawake walikuwa wanajua. Majirani walikuwa wananong'ona. Kilichokosekana ni mtu wa upande wa pili wa paketi kuuliza kwa sauti, na kuendelea kuuliza hata baada ya kuonyeshwa chura.

Mimi na wewe kwenye ule mgahawa ndio wale wanunuzi wa London. Tumeona kijani, tumetulia.

"Swali moja litabadilisha nini?"

Kumbukeni Januari 2022. KFC Kenya iliishiwa na chipsi kwa sababu viazi vyake vilikuwa vinatoka ng'ambo na meli zimechelewa. Nchi hii, inayolima viazi mpaka vinaozea barabarani, ikaambiwa viazi hakuna! Wakenya wakauliza swali moja tu mtandaoni: viazi vyenu vinatoka wapi, na vyetu vina kasoro gani? Siku chache tu, wito wa kususia ukiwa umeenea kila mahali, kampuni ikatangaza kwamba itaanza kutafuta viazi kwa wakulima wa hapa. Hakuna aliyerusha jiwe. Ni wateja waliouliza wote kwa pamoja.

Na tangu Oktoba 2023, kwa ajili ya Gaza, wengi wetu tumejifunza kusoma nyuma ya chupa. Kijana wa miaka kumi na tisa leo anakutajia kampuni gani inamiliki soda gani, na mgahawa gani unaomilikiwa na nani. Kule Indonesia baraza la maulamaa lilitoa fatwa Novemba 2023 kuhusu kuwaunga mkono Wapalestina, na migahawa ya baga yenye majina makubwa ikasikia uchungu wa meza tupu. Ni kazi nzuri, na Mungu awalipe kila aliyejinyima.

Lakini niulize kwa uchungu, na mnisamehe: tumewezaje kusoma lebo kwa ajili ya dada wa Gaza, ambaye hatujawahi kumwona, tukashindwa kumuuliza hali dada wa Kericho anayetuletea sahani? Dhuluma ya mbali tunaiona kwa darubini. Ya karibu imekaa kwenye trei, na tunaisogeza pembeni ili picha itoke vizuri.

Wapo watakaosema, "Mkiwasumbua wawekezaji wataondoka, vijana watakosa kazi." Wachumaji wameambiwa maneno hayo miaka yote, na mashine za kuchuma chai zikaja hivyo hivyo, mpaka Mei 2023 watu wakazichoma moto kwa hasira. Mimi sitetei moto. Lakini tujifunze kitu hapo: kunyamaza hakukulinda kazi ya mtu yeyote. Kifungu cha 41 cha Katiba kinasema kila mfanyakazi ana haki ya malipo ya haki, mazingira mazuri ya kazi, na kujiunga na chama. Mgahawa unaoweza kuuza baga kwa shilingi 1,200 unaweza kununua chuma cha pili cha kukaangia. Unaweza pia kumwandikia mhudumu wake mkataba.

Basi tufanyeje?

Sisemi tususie. Kususia kabla ya kuuliza ni uvivu mwingine. Nasema mara nyingine ukienda kula, wewe na wenzako, kabla ya kuagiza na kabla ya picha, muite meneja. Si mhudumu. Mhudumu ana kodi ya nyumba na hana usemi; usimtie kwenye moto ambao si wake, na usimrekodi kwa simu. Muite mwenye mamlaka, umsalimie vizuri, umuulize manne:

Moja, cheti chenu cha halali kimetolewa na nani, na kinaisha lini?

Pili, nyama na kuku wetu vinakaangwa kwenye chuma na mafuta yale yale ya nguruwe?

Tatu, kuna divai au pombe yoyote ndani ya sosi?

Nne, wafanyakazi wenu wana mikataba, na mshahara unalipwa kwa wakati?

Akijibu vizuri, kula kwa raha, na mwandikie sifa mtandaoni, anastahili. Mfanyabiashara mwaminifu apate wateja kwa uaminifu wake. Akibabaika, mshukuru, inuka, na mwambie sababu unayoondokea. Meza moja ya watano ikiinuka haimtikisi. Meza kumi kwa mwezi zitamfanya apige hesabu, na hesabu anaijua kuliko mimi.

Najua swali la nne ndilo litakaloonekana geni. Mtu atasema meneja atatucheka. Acha acheke mara ya kwanza. Hata la viazi lilichekesha siku ya kwanza.

Na kwa rafiki yangu aliyeniambia nisiharibu siku: ndugu yangu, bado nakupenda, na najua utasoma hapa. Lakini siku ile haikuharibiwa na swali langu. Iliharibika pale dada mmoja alipolazimika kunong'ona ukweli kana kwamba anaiba, na sisi, tuliovaa kanzu zetu za Idi, tukamwacha na siri yake, tukalipa, tukapiga picha ya mwisho na majani ya chai nyuma yetu.

Mimi mwenyewe nililipa. Sikumuita meneja. Niliogopa kuonekana mshamba mbele ya taa za manjano. Ndiyo maana naandika.

Nitarudi kule, inshaAllah, na safari hii swali nitamuuliza meneja. Nani anakuja nami?